Hatua Hamsini na Mbili

Vijana wa Wabera hapa Isiolo mnanijua kwa jambo moja. Nilipokuwa nikiendesha pikapu yangu mjini, niliacha nafasi kubwa mbele yangu, na nyinyi wa bodaboda mliipenda sana hiyo nafasi. Mmoja anaingia kutoka kushoto, mwingine kutoka kulia, wa tatu amebeba kitanda. Halafu mnageuka kunicheka.

"Mzee Galgalo, hapo unaweza kupitisha kundi la ng'ombe."

"Mzee, unamwekea nani hiyo nafasi?"

Miaka yote sijawahi kujibu swali hilo. Nimekuwa nikicheka na kuinua mkono tu. Leo nitalijibu, lakini mnivumilie. Nilisoma mpaka darasa la nne, na kuandika kwa ufupi ni kazi ya waliosoma zaidi.

Mimi ni dereva mstaafu. Niliendesha malori miaka thelathini na minane, mengi kati yake kutoka Isiolo kwenda mashariki, na kama mngeniuliza leo kama ningependa kuzaliwa tena nifanye kazi ileile, ningewauliza funguo ziko wapi. Hata sasa nikisikia lori linabadilisha gia likipanda kuelekea Meru, mguu wangu wa kushoto unasogea wenyewe chini ya meza. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiniwekea mkono gotini na kuniambia, "Tulia, wamefika juu."

Kazi hiyo niliipata miaka ya sitini, wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa huku kaskazini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mpakiaji wa magunia kwa tajiri mmoja wa hapa mjini. Siku hizo gari halikutoka Isiolo kwenda mashariki peke yake. Malori yalikusanyika kwenye kizuizi asubuhi, askari wa jeshi mbele, askari nyuma, sisi katikati, na tukaenda hivyo kwa mstari mpaka Garba Tulla, mpaka Sericho. Njiani kulikuwa na mabomu ya kutegwa ardhini. Kwa hiyo amri ya kwanza ya msafara ilikuwa hii: kanyaga pale alipokanyaga wa mbele yako. Alama za magurudumu yake ndizo barabara. Nje ya hizo alama hujui.

Watu wetu walikuwa wamekusanywa vijijini chini ya ulinzi, mifugo yao mingi imekwisha, na chakula chao kilikuwa mahindi na maharagwe tuliyobeba. Lori likikosa dereva, kuna kijiji kinakosa chakula. Hilo mlikumbuke, kwa sababu ndilo lililonifanya niseme uongo, na uongo huo ndio habari yangu ya leo.

Aliyetufundisha udereva alikuwa Mzee Kilonzo, Mkamba mfupi mwenye mabega mapana, aliyejifunza gari jeshini wakati wa Mwingereza. Alikuwa mkuu wa madereva wa tajiri wetu. Akisema wewe ni dereva, basi wewe ni dereva. Akinyamaza, unarudi kwenye magunia.

Siku yangu ya kwanza nilifika nimenyoa, nimevaa shati safi, nikitazama lile lori la Bedford kama bwana harusi. Mzee Kilonzo hakulitazama. Alitazama miguu yangu.

"Viatu vyako vikoje?"

"Ni vya tairi, Mzee."

"Vizuri. Hivyo vinajua barabara kukushinda wewe. Tutembee."

Tulitembea wiki tatu. Sifanyi mzaha. Wiki tatu bila kugusa usukani. Alinitembeza barabara ya kwenda mtoni, akanionyesha mchanga mgumu na mchanga unaodanganya. Alinifundisha kwamba mbuzi mmoja akivuka, usimtazame yeye, tazama kichaka alikotoka, kwa sababu ndiko wenzake waliko. Alinifundisha kwamba ngamia hapigiwi honi. Ukimpigia honi hatoki njiani, atakimbia mbele yako barabarani mpaka wewe ndiwe utakayechoka. Siku moja aliegesha lori, akaniambia nichuchumae mbele ya boneti, yeye akapanda kwenye kiti.

"Galgalo, uko wapi?"

"Niko hapa, Mzee."

"Mimi sikuoni. Rudi nyuma."

Nikarudi hatua moja, mbili, tatu. Kila mara, "Sikuoni." Nilipofika ya tano ndipo akasema, "Sasa naona nywele. Mtoto wa shule hana urefu huo." Sijasahau. Hata leo nikiona mtoto akipita mbele ya gari lililosimama, moyo unaniruka.

Mji mzima ulinicheka. Wasichana pale bombani walikuwa wakiniona nikipita na Mzee, tukihesabu.

"Ya Galgalo, gari lako liko wapi?"

"Amelimeza," mwenzake anajibu. "Ndiyo maana anatembea hivyo."

Baadaye mmoja wao akawa ndiye yule wa kuniwekea mkono gotini, kwa hiyo kutembea hakukuniletea hasara.

Wiki ya nne likaja gunia. Mzee alijaza gunia mchanga, akamweka mpakiaji mmoja nyuma ya lori tupu, akaniambia nisimame kando ya njia. "Nitakuja maili thelathini kwa saa. Yeye atalitupa gunia chini wakati wowote anaotaka. Nikisikia limeanguka, nakanyaga breki. Wewe niambie kwanza: nitasimama hatua ngapi kutoka gunia lilipo?"

Nilifikiri. Breki ni breki. "Kumi," nikasema.

Akaja. Gunia likaanguka puu. Breki zikalia, vumbi likapanda, lori likasimama. Nikatembea nikihesabu, na nilipopita kumi nilianza kuona aibu. Ishirini na saba.

"Hiyo ni tupu," Mzee alisema akishuka. "Sasa tupakie mahindi."

Tukapakia, magunia hadi juu, jasho tele. Akaja tena, kasi ileile, gunia puu. Nikahesabu. Thelathini nikapita, arobaini nikapita, na lori bado liko mbele yangu. Hamsini na mbili. Nikarudi nikahesabu tena, nikidhani nimekosea. Hamsini na mbili.

Vijana, siwezi kuwaeleza furaha niliyokuwa nayo siku hiyo. Nilijiona nimeonyeshwa siri. Kumbe lori halisimami pale ninapotaka, linasimama pale linapoweza, na mtu anaweza kupajua mahali hapo mapema, kwa miguu yake. Usiku ule nililala nikihesabu.

Ndipo nikapewa usukani. Lile Bedford lilikuwa na gia za zamani. Ulikanyaga klachi mara mbili na kupandisha moto wa injini katikati, vinginevyo lilisaga meno na kila mtu mtaani akajua ni mwanafunzi. Siku nilipoingiza gia ya tatu bila sauti nilipiga kelele peke yangu ndani ya kabini. Kesho yake nilirudi nyuma bila kushuka kutazama, nikaangusha choo cha bati cha jirani, na jirani alikuwa ndani. Alitoka akiwa na birika mkononi, bati likiwa begani.

"Galgalo," akasema, "salaam aleikum kwanza."

Mzee Kilonzo hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ulizunguka gari kabla ya kuondoka?" Nikasema hapana. Akanipa nyundo, nikajenga choo kipya siku mbili. Tangu hapo sijawahi kuwasha gari bila kulizunguka. Hata pikapu, hata nikiwa nimechelewa swala.

Sasa nije kwa Jattani.

Jattani alikuwa mdogo wangu, tulifuatana. Alikuwa mpakiaji kama mimi, mwembamba, mwenye kelele, na aliweza kuigiza sauti ya lori kwa mdomo kutoka gia ya kwanza mpaka ya nne, na mlima ndani yake. Mama yetu, tuliyemwita Aayo, alikuwa akimpiga kwa kitambaa kwa sababu aliendesha sinia la chakula kama usukani kabla halijatua mkekani.

Siku nne kabla ya msafara mmoja wa Sericho, dereva wetu wa tatu alishikwa na malaria. Malori yalikuwa matatu: la Mzee Kilonzo, langu, na la huyo mgonjwa. La tatu lilikuwa libaki. Na Sericho ndiko alikokuwa mama yetu mdogo na watoto wake. Habari iliyotufikia kutoka huko ilikuwa kwamba watu wanachemsha ngozi wapate kula.

Jattani alinijia nikisafisha chujio la dizeli. "Nifundishe."

"Siku nne?"

"Wewe ni kaka yangu au ni karani? Mama mdogo anachemsha ngozi na lori limesimama hapo. Nifundishe."

Nikaomba lori kwa Mzee. Akanitazama sana. "Mfundishe," akasema. "Siku ya nne nitamwuliza maswali. Kama hajui, lori linabaki."

Tukaenda Kiwanjani, kwenye ardhi tupu pembeni ya uwanja wa ndege. Wallahi, niliona wivu. Kitu kilichonichukua mwezi, Jattani alikishika kwa mchana mmoja. Klachi mara mbili, gia ya tatu, haisikiki. Akizunguka alikuwa anatoa kichwa dirishani na kuimba. Askari walisimama kumtazama, wakapiga makofi. Mimi nilikimbia kando ya lori nikicheka kama mtoto. Ukiniuliza siku nzuri maishani mwangu, zile siku nne zimo, na hilo ni jambo gumu kwangu kuliandika.

Siku ya tatu nilimwambia, "Leo gunia."

"Gunia la nini?"

Nikamweleza. Akacheka. "Kaka, nina siku mbili. Unataka nizimalize kwa miguu? Wewe niambie tu hiyo namba."

Nikamwambia. Tupu ishirini na saba, na mzigo hamsini na mbili. Akairudia mara mbili, akapanda lori akaondoka. Lori lilikuwa tupu. Siku zote nne lilikuwa tupu. Kulipakia kulihitaji asubuhi nzima na watu sita, nami niliona tutapoteza muda.

Siku ya nne Mzee Kilonzo alikuja. Jattani akaendesha, na akaendesha vizuri. Mzee akanivuta kando.

"Umemtembeza?"

"Nimemtembeza."

"Na mzigo?"

"Na mzigo."

Akamgeukia Jattani. "Kijana, maili thelathini, lori limejaa. Hatua ngapi?"

"Hamsini na mbili," Jattani akasema, haraka, kama mtoto wa madrasa aliyekariri vizuri.

Mzee akatikisa kichwa kukubali, akampa funguo.

Namba alikuwa nayo mdomoni. Miguuni hakuwa nayo. Mimi nilijua tofauti hiyo, nami nilinyamaza.

Tuliondoka asubuhi. Mzee Kilonzo alikuwa mbele yetu, mimi nikamfuata, Jattani nyuma yangu, na lori la askari nyuma yake. Mpaka Garba Tulla tulikwenda salama. Tuliposhuka kunywa chai nilimwona Jattani amejaa vumbi mpaka kope, meno tu ndiyo meupe.

"Uko karibu sana nami," nikamwambia. "Acha vumbi langu litulie kwanza ndipo uje."

"Likitulia, upepo unafuta alama zako," akasema. "Nikipoteza alama nitakanyaga bomu. Heri nikuone."

"Jattani, rudi nyuma."

"Sawa, sawa. Nitarudi, karani."

Hilo ndilo kosa letu sisi wa msafara, na nadhani halikufanywa mahali pengine. Tuliogopa kilicho chini ya ardhi mpaka tukasahau kilicho mbele ya macho. Mzee Kilonzo alikuwa ametuambia mara mia: bomu huenda ukalikosa, lakini gari lililo mbele yako liko palepale. Mimi niliyasikia maneno hayo nikiwa nimekwisha kuhesabu hatua, yakanikaa. Jattani aliyasikia kama hotuba.

Mbele ya safari kuna laga, mto wa mchanga usio na maji. Mzee Kilonzo hakuvuka laga yoyote bila kushuka na kuitembea kwanza. Alisimama. Nami nikasimama nyuma yake, taratibu, mbali, kama nilivyofundishwa. Taa zangu za nyuma zilikuwa zimevunjika safari ya kabla. Nilikuwa nimekusudia kuzitengeneza. Hilo nalo niliandike.

Nilisikia breki. Nikatazama kioo, nikaona vumbi tu. Halafu katika vumbi nikaliona lori, likija limefunga magurudumu, halisimami. Nilimwona na mikono yake juu ya usukani. Jattani, aliyeogopa bomu kuliko kitu chochote, alikata kulia akatoka nje ya alama, ili asinigonge. Hapakuwa na bomu. Palikuwa na ukingo wa laga. Lori likaanguka humo kwa ubavu na mahindi yote juu ya kabini.

Tulipomtoa alikuwa ameshafariki. Tulimrudisha Garba Tulla, akazikwa siku hiyohiyo. Kabla ya kuondoka pale lagani nilitembea. Sijui kwa nini, miguu ilikwenda yenyewe. Nilianzia pale alama za breki zake zilipoanza, nikatembea mpaka nyuma ya lori langu. Thelathini. Nikasimama pale. Zilikosekana ishirini na mbili.

Msafara haungeweza kubaki. Tulipakia mahindi yake kwenye malori yetu mawili, kadiri yalivyoweza kubeba, nami niliendesha mpaka Sericho. Mama mdogo alipokea gunia, akaniuliza, "Jattani hakuja?" Nikarudi kwenye lori kushusha gunia la pili.

Niliporudi Isiolo, habari ilikuwa imenitangulia. Siku zile aliyekufa msafarani alikuwa ameuawa na shifta, basi, hakuna aliyeuliza zaidi. Nyumba ya Aayo ilijaa watu na wote walisema bomu. Nikakaa mkekani. Nikampa Aayo shati la Jattani tulilomvua. Nikanyamaza mwezi mmoja, miwili, mitatu. Kazini niliendesha. Nyumbani sikuweza kumtazama mama yangu usoni.

Mwisho nikamwendea asubuhi moja akikamua mbuzi. Nikasema, "Aayo, Jattani hakuuawa na bomu."

Hakuacha kukamua. "Najua. Shati halikuwa limeungua. Lilikuwa na harufu ya dizeli na unga. Nilikuwa nangoja uniambie."

Nikamwambia yote. Siku nne, gunia nililoacha, uongo kwa Mzee, namba niliyompa mdomoni. Aliponisikiliza hadi mwisho aliweka kibuyu chini, akasimama mlangoni pa nyumba.

"Hizo hatua zake. Zitembee nizione."

Nikatembea kutoka mlangoni. Thelathini zikanifikisha kwenye zizi la mbuzi. Nikageuka.

"Hapo ndipo ulipokuwa wewe?"

"Hapa."

"Na alihitaji mpaka wapi?"

Nikafungua ua wa miiba, nikapita, nikavuka kichochoro, nikahesabu mpaka hamsini na mbili. Nikajikuta kwenye mlango wa jirani, yuleyule mwenye choo. Nikasimama pale, Aayo kule, tukatazamana.

"Si mbali," akasema.

"Si mbali."

"Mtu akifundishwa hiyo, inachukua muda gani?"

Ningeweza kudanganya hata hapo. "Asubuhi moja, Aayo."

Alikaa chini pale mlangoni, akafunika uso kwa shuka, akalia. Siku za matanga alilia kama watu wanavyolia. Siku hiyo alilia kwa namna nyingine, na kila mara alikuwa anarudia, "Asubuhi moja." Nilirudi, nikakaa naye. Hakunifukuza.

Kisha nikaenda kwa Mzee Kilonzo, nikamwambia nilimdanganya. Alikuwa anakaza nati za gurudumu. Akaendelea kukaza, akafika ya mwisho.

"Nami nilimwuliza namba," akasema. "Ningemwambia atembee, angesimama pale pale bila kujua aanze wapi, ningejua. Nilitaka lori liende. Wewe ulidanganya, mimi nilikubali kudanganywa. Kesho asubuhi kuna wanafunzi wawili. Lete gunia."

Nimekuwa na hilo gunia tangu siku hiyo. Limechakaa, nimebadilisha, likachakaa tena. Kila mpakiaji aliyetaka usukani kwenye karakana yetu alitembea kwanza, na hakuna aliyeulizwa namba. Aliambiwa: nionyeshe.

Msidhani ninawaandikia kuwaambia kwamba zamani ndiyo ilikuwa nzuri. Zamani ilimuua ndugu yangu. Nyinyi mna shule za udereva, mna ubao wenye mji mdogo na vigari vyake, mna mwalimu aliye na breki zake upande wa pili. Ningekuwa na hiyo breki ya upande wa pili ningelala nayo kitandani. Mjukuu wangu Talaso alijiandikisha mwaka huu, na kila jioni alinifundisha mimi. Nilijifunza kutoka kwake namna ya kuingia kwenye mzunguko wa barabarani bila kufunga macho. Nilijifunza maana ya mistari ambayo nimeikanyaga miaka mingi. Dereva mzee na daftari la mjukuu wake, mkiniona mngecheka, lakini nilikuwa na furaha kama siku ya gia ya tatu.

Jambo moja tu lilinitia hofu. Nilimsikia Talaso na wenzake wakikariri majibu ya mtihani barazani, haraka haraka. Nikasikia sauti ya Jattani. Usiku huo nilimsimulia Talaso habari yake yote.

Nikawapeleka Kiwanjani. Uwanja wa ndege sasa umezungushiwa ua, lakini nje bado kuna mahali patupu. Wakaja wanne wa shule ya udereva, na nyuma yao kijana wa bodaboda anayeitwa Mwenda, anayebeba miraa na watu. Mwenda alijifunza pikipiki kwa rafiki yake mchana mmoja. Ijumaa aliambiwa klachi ni hii na breki ni hii, Jumamosi akabeba mama na watoto wawili.

"Mzee, pikipiki si lori," aliniambia. "Mimi nasimama hapa hapa."

"Hatua ngapi?"

"Tano. Sita nikiwa nimelala."

Talaso akasimama kando ya njia na gunia. Mwenda akaja kwa kasi yake ya kila siku, gunia puu, akafunga breki. Wakahesabu kwa sauti, wote pamoja, na walipofika ishirini wakaanza kupiga kelele. Ishirini na nne. Mwenda akashuka akatazama gunia kwa mbali, kama mtu aliyesahau kitu huko.

"Sasa beba wawili," nikasema.

Akabeba wawili na furushi. Thelathini na tano. Alizihesabu mwenyewe kwa miguu, akirudi. Halafu akavua kofia.

"Mzee, rudia."

Tulirudia mpaka adhana ya alasiri. Walikuja kuwa kumi na mmoja. Wengine waliokuwa wakipita waliegesha na kukisia, na wote walikisia vibaya, na kila aliyekosea aliita mwenzake naye akosee. Sijacheka hivyo tangu yule jirani atoke na birika. Sasa tunakutana kila Jumamosi, na hakuna kiingilio. Njoo na chombo chako. Njoo na viatu vya kutembea.

Talaso alipita mtihani wake. Nami mwaka huu nimeacha usukani, macho hayanitoshi tena, na ni vizuri dereva aseme mwenyewe kabla hajaambiwa. Wiki iliyopita alinipeleka msikitini kwa pikapu. Nilikaa upande wa abiria, mikono mapajani, mguu wa kushoto ukifanya kazi yake bure. Mbele yetu kulikuwa na lori la mchanga. Nilitazama tu, na nilihesabu.

Alikuwa ameacha nafasi. Kubwa.

Bodaboda moja ikaja ubavuni mwetu, kijana nisiyemjua, amebeba magunia mawili ya makaa. Akainama dirishani kwa Talaso.

"Sista, hiyo nafasi unamwekea nani?"

Talaso hakugeuza kichwa, macho yake yalikuwa kwenye lori. "Ni ya Jattani," akasema.

"Jattani gani? Mwambie aharakishe basi."

"Hapana," akasema Talaso. "Huyo hatumharakishi."

Kijana hakuelewa. Alitutazama, akaitazama ile nafasi iliyokuwa wazi mbele, na nilidhani ataingia. Hakuingia. Akapunguza mwendo akarudi nyuma yetu, akatufuata hivyo mpaka msikitini. Nilimpima kwenye kioo. Hatua nane, pengine tisa, na makaa yote yale.

Bado ni chache. Alipotupita tukiegesha nilitoa kichwa dirishani nikamwambia aje Jumamosi.